Kibandiko cha Kunyamazisha

Babu yangu, Mzee Andati, ametimiza miaka mia na minane mwaka huu, na afya yake ni nzuri ajabu kwa mtu aliyezikwa Butere mwaka wa themanini na tisa. Anaishi Kaloleni, nyumba ya mawe nambari ishirini na saba, paa la vigae. Ndivyo kadi ya nyumba inavyosema.

Hayuko peke yake. Jirani wa kulia, aliyekuwa fundi wa injini za reli, ana mia na moja. Wa nyuma alikuwa karani wa baraza la jiji, naye anakaribia mia na kumi bila hata kikohozi. Watafiti wakipata kadi zetu watakuja mbio kuuliza tunakula mboga gani.

Mambo yenyewe ni rahisi. Mwenye kadi alipokufa, watu walisafiri, wakazika, wakarudi mjini na kunyamaza. Hakuna aliyekwenda ofisi ya nyumba ya baraza la jiji kusema mzee hayupo, kwa sababu waliona kusema hivyo ni kutangaza kwamba nyumba haina mtu. Watoto wakalelewa humo, wakazaa wengine, na kodi ikaendelea kulipwa kwa jina la marehemu.

Halafu mwaka huu ofisi ikataka orodha mpya ya wakazi, na chama cha wakazi kikaamua kuikusanya kwa ukurasa wa mtandao. Mwenyekiti wetu ni Mzee Shiundu, mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuonekana. Aliileta kazi hiyo Donholm, kwenye karakana ya programu ya Willis Odero, ghorofa ya pili juu ya duka la dawa. Willis ndiye mwenye karakana. Mimi, Triza, ndimi wafanyakazi wake wote.

Kabla ya Donholm niliuza mitumba Gikomba kwa miaka sita, na huko ndiko nilikosomea programu ingawa sikujua. Mzigo wa nguo huja umefungwa kwa utepe wa chuma, nje una kibandiko: suruali za watoto. Unalipa, unafungua mbele ya wateja, unakuta mapazia. Mapazia ya hospitali, tena yenye madoa. Siku hiyo unacheka sana, maana ukiacha kucheka utaketi chini.

Lugha nyingi za kutengenezea kurasa za mtandao zina tabia hiyo. Zinakuacha uandike unavyotaka, na mapazia yanatokea watu wakiwa wameshafika. Lugha tunayotumia sisi ina adabu nyingine. Juu ya kila kitu unachoandika unaweka kibandiko kinachoanza na alama ya @: hii ni tarehe, hii ni nambari ya nyumba, hapa ni lazima pajazwe. Kisha kuna kompaila, yaani programu inayosoma kazi yako yote kabla ukurasa haujafika kwa mtu yeyote. Inafungua kila mzigo na kuulinganisha na kibandiko chake. Ikikuta mapazia, hupati ukurasa. Basi. Unaweza kuibembeleza mpaka jioni.

Nilipoandika fomu ya Kaloleni niliwafikiria wale wazee wetu wasiokufa. Nikasema mwenye nyumba atakuwa wa aina mbili tu: Hai au Marehemu. Ndani ya Marehemu nikaweka nafasi ya mrithi, na juu ya mrithi nikabandika @Lazima. Maana yake ni kwamba katika programu yangu hakuna mtu awezaye kufa bila kuacha aliyeshika nyumba. Wala mrithi hafutiki. Aliyeandikwa mwenyewe anaweza kumwandika mwingine mahali pake, lakini ile nafasi haibaki tupu hata kwa dakika moja, kwa sababu kompaila haitakubali kujenga ukurasa wenye uwezo huo.

Nilijivunia. Jumamosi nikaenda kumwonyesha Senje Mideva, dada ya marehemu baba, aliyenilea katika hiyo hiyo nambari ishirini na saba. Nilimkuta mlangoni akichambua kunde.

"Senje, tuanze," nikasema, fomu ikiwa wazi kwenye simu. "Babu yuko hai?"

"Yuko."

"Yuko wapi?"

"Ametoka kidogo."

"Ametoka tangu themanini na tisa."

"Wazee wa reli wanatembea sana." Hakuinua macho kutoka kwenye kunde. "Nani amekutuma?"

"Mwenyekiti."

"Na Shiundu anataka kujua nani amekufa ili afanye nini? Alete rambirambi sasa?"

"Orodha inaenda ofisini Ijumaa, Senje. Ukisema Babu yuko hai, kuna siku watataka kumwona."

"Waje. Nitawaambia amelala."

Nilikaa chini kando yake, nikachukua konzi ya kunde na kuanza kuchambua pia. Huwezi kumwambia Senje kitu ukiwa umesimama. Nikamweleza habari ya vibandiko na kompaila, polepole, kama mtu anayemtambulisha mchumba.

"Huyo kompaila ni mtu wa wapi?" akauliza.

"Si mtu."

"Basi hahongeki."

"Hata chai hanywi."

Aliacha kuchambua. "Na nikiandika mzee amekufa, na nikajiandika mimi, kuna mtu anaweza kuja kunifuta nibaki hewani?"

"Hawezi."

"Shiundu je?"

"Hata mimi mwenyewe siwezi."

"Sema tena ukiniangalia."

Nilisema tena nikimwangalia. Akapangusa vidole kwenye leso, akachukua simu, na kwa kidole kimoja akamzika baba yake mara ya pili. Mrithi: Mideva Andati. Ukoo ulikuwa umemtaja yeye tangu zamani, kwenye kikao cha baada ya matanga, kwa sababu yeye ndiye aliyemuuguza mzee. Lakini jina hilo halikuwa limewahi kuandikwa popote.

Kufikia Jumatano nyumba sitini na moja zilikuwa zimekiri kwamba wazee wao walikufa. Watu waliandika kwa sababu Mideva ameandika, na Mideva aliandika kwa sababu ya neno langu. Warithi wengi walikuwa wanawake, mabinti waliobaki wakiwatunza wazazi huku ndugu zao wakihamia kwingine.

Jumatano hiyo, saa sita, Willis aliniletea sambusa mbili za nyama.

Nilizitazama. Willis hajawahi kuninunulia hata maji. Ni mtu mpole, nadhifu wa mavazi, anayekata karatasi ya risiti katikati ili atumie nusu ya pili kuandikia. Sambusa mbili kutoka kwa mtu kama huyo hazikuja bila sababu.

"Nani amekufa?" nikauliza.

"Wewe nawe. Kula." Akavuta kiti. "Kuna kitu kidogo, Triza. Mwenyekiti amepiga simu. Anasema fomu yako imewabana watu. Kuna familia zimezika juzi tu na ukoo haujakaa. Huwezi kumtaja mrithi kabla ya kikao. Wewe ni mtu wa Butere, unajua."

"Na wewe mtu wa Siaya umejulia wapi?"

"Ameniambia leo. Hata mimi ndio nasikia leo." Akasafisha koo. "Ni kibandiko kimoja. Toa @Lazima pale kwa mrithi, weka @HuendaTupu. Dakika tano, dada."

Ubaya ni kwamba alisema kweli. Nyumba ya tatu kutoka kwa Senje walizika Agosti na bado hawajakaa. Kumtaja mrithi kabla ya ukoo kukaa ni matusi, na aliyetajwa hatasikia mwisho wake. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo mtu yeyote wa kwetu angelikumbuka, na Shiundu, mzee wetu, akalikumbuka. Ilikuwa sababu nzuri mno. Sababu ikiwa nzuri namna hiyo, na imekuja na sambusa, mimi huanza kuugeuza mzigo nikitafuta ulipofunguliwa.

Lakini nilikula. Njaa haina uchunguzi.

Kisha nikabadilisha kibandiko kwenye kompyuta yangu tu, bila kuchapisha kitu, nikaiambia kompaila isome. Faida ya lugha hii ni kwamba ukibadilisha kitu kimoja, kompaila inakutajia kila mahali palipokitegemea. Nilitarajia malalamiko matatu: kwenye fomu, kwenye orodha ya kwenda ofisini, na kwenye ujumbe wa kumshukuru mtu aliyejaza. Yakaja matatu. Chini yake kukaja la nne, lisilokuwa lalamiko:

*Faili NyumbaWazi, mstari wa 14. Kuna kibandiko cha kunyamazisha, lakini hakuna onyo la kunyamazishwa.*

Mimi sikuwa nimeandika faili inayoitwa NyumbaWazi.

Kibandiko cha kunyamazisha ni hiki. Wakati mwingine kompaila haikatai kazi yako, inanung'unika tu: bwana, ulichoandika hapa hakiwezi kutokea kamwe, una hakika? Ukichoka na manung'uniko unabandika @Nyamazisha, nayo inatulia. Lakini kompaila yetu tuliipanga iwe kali. Siku onyo lililonyamazishwa likikosa sababu, inakilalamikia hicho kibandiko chenyewe.

Nilifungua faili. Ulikuwa ukurasa mzima, safi, usio na kiungo kutoka popote. Mtu hawezi kuufikia mpaka ajue anwani yake. Ulikuwa unachukua kila nyumba ambayo mwenyewe ni Marehemu na nafasi ya mrithi ni tupu, unaipanga kwenye orodha, na mbele ya kila moja unaweka kisanduku kilichoandikwa *Anayependekezwa*, yaani mtu wa kupewa nyumba hiyo. Chini kabisa kulikuwa na nafasi ya kuandika nambari ya nyumba yoyote, na kitufe cha mwenyekiti peke yake: *Ondoa mrithi*.

Nikaketi vizuri. Kwa kanuni yangu ya @Lazima, ukurasa huo usingeonyesha nyumba hata moja milele, na kitufe hicho kisingeondoa hata jina la paka. Kompaila ilikuwa imesema hivyo hivyo, na mtu akainyamazisha. Sasa, mara tu mrithi aliporuhusiwa kuwa tupu, ukurasa uliamka. Andika ishirini na saba, bonyeza kitufe, jina la Mideva Andati linaondoka, na nyumba inakuwa ya marehemu asiye na mrithi, marehemu ambaye Senje mwenyewe amekiri kwa kidole chake kwamba alikufa.

Nikaangalia tarehe. Uliandikwa wiki tatu zilizopita, Jumanne. Jina la mwandishi: Willis Odero.

Wiki tatu. Na habari ya vikao vya ukoo alikuwa ameisikia leo.

"Willis," nikaita. "Njoo unisaidie kuelewa kitu. Mimi ni mtu wa mitumba."

Alikuja. Alipoona kilichokuwa kwenye kioo, alisimama, mkono ukiwa mgongoni mwa kiti changu.

"Hiyo ni ripoti ya ofisi," akasema.

"Ofisi gani inayotaka kitufe cha kuondoa mrithi?"

"Mwenyekiti alileta safu anazotaka zimeandikwa kwenye karatasi. Mimi niliandika nilichopewa."

"Kompaila ikakuambia haiwezekani."

"Ikaniambia."

"Ukaiambia inyamaze."

"Si kila onyo ni..." Akaacha. "Triza, mteja akisema anataka mlango, unaweka mlango. Huulizi anaenda wapi."

"Mlango wa nyumba ya nani?"

Nilimtazama usoni nikitafuta kama alijua au hakutaka kujua, na sura yake haikuniambia lolote.

"Sawa," nikasema kwa furaha, maana nikikasirika mimi huchangamka. "Mwenyekiti anataka familia ambazo hazijakaa zipate nafasi. Atapata. Kesho asubuhi."

Alhamisi nilifika karakanani kabla yake. Nilirudisha @Lazima mahali pake juu ya mrithi. Kisha nikaandika aina ya tatu, kando ya Hai na Marehemu, nikaiita KikaoBado. Hiyo ni nyumba ambayo mzee amekufa na ukoo haujakaa. Nikabandika viwili: tarehe ya kikao, @Lazima, na majina ya wanaoishi ndani, @AngalauMmoja. Mpaka wakae, nyumba inashikwa na wote walioandikwa. Haina utupu popote. Niliiambia kompaila isome, ikasoma, na lile la nne kuhusu NyumbaWazi likatoweka: onyo la zamani lilikuwa limerudi, na kibandiko kikalinyamazisha tena. Sikuufuta ukurasa huo. Kuufuta kungekuwa kumwambia Shiundu kwamba nimeuona.

Tatizo lilikuwa kwamba sina ruhusa ya kuchapisha. Kitufe cha mwisho ni cha Willis.

Alisoma kazi yangu mstari kwa mstari, akirudi nyuma, akisoma tena. Nje mtu alikuwa akibishana na muuza dawa kuhusu chenji. Willis alivua miwani.

"Hii itaifanya ripoti ya mwenyekiti kuwa tupu."

"Ripoti ipi? Mimi sijaambiwa habari ya ripoti. Wewe umeambiwa?"

Alivaa miwani tena. "Alichoomba kwa simu ni familia ambazo hazijakaa," akasema polepole, kama mtu anayejaribu sentensi kabla ya kuitumia kwa mwingine. "Na hapa zimewekwa."

"Zimewekwa."

"Basi tumefanya alichoomba." Akabonyeza.

Mpaka leo sijui kama ulikuwa wema au ni mtu aliyejikinga mvua.

Saa kumi alasiri siku hiyo tulikuwa kwenye mkutano wa wakazi, ukumbi wa Kaloleni, watu kama themanini, viti vya plastiki, ukurasa ukionyeshwa ukutani. Shiundu alifungua mkutano kwa kuisifu teknolojia na kujisifu kidogo yeye aliyeileta. Kisha nikasimama.

"Mwenyekiti amenikumbusha jambo nililosahau," nikasema. "Kuna familia ambazo ukoo bado haujakaa. Ameona ni vibaya kuwalazimisha wamtaje mrithi. Mpigieni makofi."

Wakapiga. Akainamisha kichwa kupokea. Nikaonyesha aina ya tatu, tarehe ya kikao, majina ya wanaoishi ndani. Makofi ya pili yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza, na hayo hakuyapokea.

"Binti yetu," akasema, akitabasamu kwa nusu ya mdomo, "umefanya vizuri. Lakini mimi nilisema nafasi ya mrithi iweze kubaki wazi."

"Kwa ajili ya ambao hawajakaa, Mzee. Nimewapa kiti chao. Kuna wengine?"

"Kuna... masuala. Kuna mabinti wamejiandika. Sisemi vibaya. Lakini kamati lazima ithibitishe."

Senje Mideva alikuwa safu ya pili. Hakusimama. "Kamati ilikuwa Butere tulipokaa?"

"Hapana, mama, lakini utaratibu..."

"Basi itathibitisha nini? Uji tuliokunywa?"

Watu wakacheka. Shiundu akainua mkono kutuliza ukumbi, na hapo nadhani alikuwa ameanza kufanya hesabu kichwani ya kitu alichomwahidi mtu, kwa sababu hakuniangalia mimi tena wala Senje. Alimwangalia Willis aliyekaa karibu na mashine ya kuonyeshea.

"Sasa zile nyumba zilizo wazi tutazionaje?" akamuuliza.

Kicheko kilikatika. Willis aliinama kuangalia waya ambao haukuwa na shida yoyote.

"Zipi, Shiundu?" akauliza Senje. Aliacha cheo, aliacha mzee, akamwita hivyo kavu kama anavyoita mtu wa rika lake.

"Nasema kama zipo."

"Umesema zile. Taja moja."

Alichomoa kalamu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Mzee mmoja nyuma akauliza kwa sauti kubwa ni nani ana nyumba wazi Kaloleni, maana mjukuu wake analala jikoni. Mwanamke akasema na yeye angependa kujua. Shiundu akasema ajenda imekwisha, kuna mambo mengine yatakuja wakati wake, na tufunge kwa sala. Aliyesali alikuwa Senje, ambaye hakuna aliyemwomba, na alisali kirefu, akiitaja nyumba kwa nyumba kwa nambari zake.

Ijumaa saa nne orodha ilikwenda ofisini. Nilimpigia Senje nikamsomea mstari wake. Nambari ishirini na saba. Mwenye nyumba: Marehemu. Mrithi: Mideva Andati.

"Soma tena," akasema. "Polepole, kama wa redio."

Nilisoma mara tatu. Mara ya nne akasema inatosha, ana kazi, na akakata simu kabla sijamwambia jambo la pili.

Jambo lenyewe ni hili, na tangu siku hiyo limezidi. Kompyuta yetu huweka kumbukumbu ya kila ukurasa unaofunguliwa. Tangu Alhamisi jioni, ule ukurasa usio na kiungo umefunguliwa mara kumi na moja. Unafunguka vizuri sana, kichwa chake kipo, safu zake zipo, na chini yake kumeandikwa *Hakuna*. Unafunguliwa kwa simu mbili. Ya kwanza ni ya Kaloleni, na sihitaji kuambiwa ni ya nani. Ya pili hutumia mtandao wa karakana yetu, Donholm, kila siku saa mbili kasoro, kabla ya saa yangu ya kuanza kazi.

Labda Willis huangalia ahakikishe bado ni tupu. Labda huangalia akitumaini si tupu. Bado ananisalimia vizuri, na jana aliniuliza kama nimechoka na kazi ya Kaloleni, kwamba anaweza kuichukua mwenyewe nikitaka kupumzika.

Nilimwambia sijachoka. Siku hizi nafika saa moja na nusu. Naiambia kompaila isome kila kitu upya, kutoka mstari wa kwanza, na nakaa hapo nikingoja iniambie kama kuna kibandiko kilichoguswa, mlango ukiwa wazi ili nimsikie anayepanda ngazi.